Uliza Fundi: Hii sauti ya gemu inaweza kuua mtoto kweli?

SWALI

Fundi habari. Mimi ni Baba Tasha wa Kayole, nasomanga huu ukurasa wako kila mwezi lakini sijawahi andika. Iko hivi. Kwa grupu ya wazazi kumeingia voisi ya jamaa fulani anasema kuna gemu ya zamani ya Pokémon, ukifika kwa mji fulani wa makaburi kuna sauti imefichwa ndani ya muziki, sisi watu wazima hatuisikii, watoto peke yao ndio husikia, na ati huko Japani 1996 watoto 200 walikufa juu yake, wenye gemu wakaibadilisha kimya kimya kabla waiuze nchi zingine, lakini hizi zenye watoto wanapakua kwa simu ndio zile za kwanza. Sasa kijana wangu wa miaka tisa ndiye huicheza, kwa simu ya zamani ya mamake. Mama kusikia hivyo akafuta kila kitu, kijana akalia mpaka akalala na viatu. Mimi niko katikati. Mke ananiambia heri nusu shari, kijana ananiambia baba nilikuwa nimebakisha beji mbili. Na ukweli hata mimi nina kauoga, maanake nikiwa mdogo tuliambiwanga ule wimbo wa Mario akikufa ukiurudisha nyuma unaita shetani. Nimekutumia hiyo voisi na picha zilizokuja nayo. Kama ni kweli usinifiche.

JIBU

Baba Tasha, mpe kijana pole yangu. Nianze na kitu ambacho mko nacho hapo kwa nyumba na hakuna mtu amekiona. Unasema alikuwa amebakisha beji mbili. Beji za hiyo gemu ni nane, maanake ana sita, na huwezi fikisha sita kama hujapita Lavender Town, ndio huo mji wa makaburi unasemwa, barabara inapita hapo hapo katikati, halafu ndani ya ule mnara kuna mzee lazima umwokoe ndio akupatie filimbi ya kumwamsha Snorlax, lile lidude limelala likafunga njia. Kwa hivyo kijana wako alishafika huko kitambo, akakaa, akapotea ndani ya mnara kama watoto wote, huo muziki ukilia masikioni mwake muda wote huo. Na bado amebaki na nguvu za kulia mpaka akalala na viatu.

Ningeweza kuishia hapo lakini umeniomba nisikufiche, na hii kitu ina mizizi, acha tuichimbe.

Voisi nimeisikiliza mara tatu hapa dukani Luthuli, ya kwanza peke yangu, zile zingine mbili na vijana wa kibanda cha pili ambao walitaka tu sababu ya kuacha kazi. Jamaa ana sauti nzito, sauti ya mtu wa kuaminika kabisa, ningemkopesha pesa. Lakini ndani ya dakika nne hataji hospitali hata moja, hataji mji, hataji daktari, hataji gazeti, ni "inasemekana" na "wataalamu" mwanzo mwisho. Nilikuomba uulize aliyeileta kwa grupu ameitoa wapi, ukaniambia ametoa kwa grupu ya kanisa, huko kanisani wakasema imetoka kwa chama, na huko kwa chama aliyeiweka alishatoka kwa grupu. Ndio hivyo uvumi husafiri, makanga ni wengi lakini mwenye gari haonekani.

Halafu mwishoni anasema "sasa sikilizeni wenyewe" na anaicheza! Yaani sauti inaua watoto, na yeye ameituma kwa simu za wazazi mia na kitu, saa mbili usiku, watoto wakiwa hapo hapo kwa kochi. Ama yeye mwenyewe haamini, ama hajafikiria. Na hata angetaka haiwezi, juu voisi ya WhatsApp hubanwa ndio iwe nyepesi, na kitu cha kwanza kukatwa ni zile sauti nyembamba za juu kabisa. Hizo ndizo anasema watoto husikia sisi hatusikii.

Hapo kwa masikio hajadanganya yote lakini, na ndio maana uongo wake una ladha. Ni kweli mtoto husikia sauti za juu kutuliko, mtoto mwenye masikio mazima anafika kama Hz 20,000 na sisi tunapoteza zile za juu polepole vile umri unaenda. Jaribu na kijana siku moja utashangaa. Lakini kusikia ni jambo moja na kuuawa ni lingine. Na hiyo gemu ilitengenezewa Game Boy, kile kimashine cha 1989, nimefungua nyingi sana, spika yake ni ndogo kuliko kifuniko cha Keringet na hata ngoma ya kawaida inaitoa kama nzi ndani ya chupa. Chipu yake ina chaneli nne za sauti basi, mbili za kulia piii, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe, moja ya kelele ya shshsh. Hakuna pahali pa kuficha mzimu hapo.

Na gemu yenyewe ni ndogo ajabu. Ile ya Kiingereza ni megabaiti 1, picha moja ya simu yako inaishinda. Watengenezaji walibana mpaka sauti za Pokémon wenyewe, wale wanyama wa gemu, wako 151 lakini milio ya msingi ni 38 tu, wanachukua mlio mmoja wanauvuta, wanaupandisha, wanaushusha, unakuwa mnyama mwingine. Wengine hawakubadilishiwa hata kidogo. Charizard, lile joka la moto kila mtoto analitaka, analia sawa sawa na Rhyhorn, kifaru wa kawaida tu wa mawe. Mwambie kijana asikilize, hiyo ndiyo siri ya kweli iko ndani na inapendeza kuliko ya voisi. Tunajuaje? Juu kuna watu wamekaa miaka wakaifungua hiyo programu yote, mstari kwa mstari, kila noti ya huo mji imeandikwa na inasomeka. Ukiniambia kitu kilitokea usiku fulani kwa chumba fulani na hakuna aliyeona, sina la kusema. Lakini gemu ya 1996 iko vile ilivyokuwa 1996, haizeeki, haibadilishi ushahidi, ukiifungua leo ni ile ile.

Sasa hizo picha ulizonitumia, zile za rangi rangi zenye uso wa mzimu na maandishi. Hizo zinaitwa spektrogramu, ni sauti imechorwa, chini sauti nene juu sauti nyembamba, kushoto mwanzo kulia mwisho. Na ndiyo, ukiwa na programu ya bure kwa kompyuta unaweza geuza picha yoyote iwe sauti, hata yako ya harusi, halafu ukiichora tena inatokea uso wako. Kwa hivyo swali si kama kuna uso kwa picha, swali ni nani aliuweka na lini. Na hapa mtu alijisahau vibaya. Yale maandishi yanayosema ondoka sasa yameandikwa kwa herufi za Unown, hao ni Pokémon wenye umbo la herufi. Unown waliingia mara ya kwanza kwa Gold na Silver, gemu za Pokémon zilizofuata, ambazo zilitoka Japani Novemba 1999. Muziki wa Februari 1996 umeandikwa na herufi za 1999! Ni kama cheti cha kuzaliwa cha babu yako kimepigwa muhuri wa Kaunti ya Nairobi. Niliposhika hiyo nilienda kununua chai.

Uvumi wenyewe hata si wa 1996. Ulianza kuzunguka kwa intaneti kwa Kiingereza karibu na 2010, kama hadithi za kutishana usiku, mmoja anaandika mwingine anaongezea daktari, mwingine picha, mwingine video ya YouTube. Miaka 14 baadaye. Watoto 200 nchini Japani, mahali gazeti huandika treni ikichelewa, na kimya miaka 14?

Na hawa Wajapani hawakunyamaza wakati kitu cha kweli kilitokea. Hii ndio sehemu nataka uishike, wewe na Mama Tasha. Tarehe 16 Desemba 1997 kipindi cha katuni ya Pokémon kilionyeshwa kwa TV jioni, kukawa na mlipuko kwa skrini, mwanga mwekundu na buluu ukipishana haraka haraka kama mara 12 kwa sekunde, na watoto 685 wakapelekwa hospitali, wengine kizunguzungu na kutapika, wengine kifafa. Hakufa mtu. Kabla usiku uishe ilikuwa kwa habari nchi nzima, na vituo vingine vikarudia kile kipande kwa habari vikaumiza watu tena. Katuni ikasimamishwa miezi 4, ikarudi Aprili 1998. Ona basi, hilo lina tarehe, lina idadi, lina sababu madaktari wanaijua, ni kifafa kinachoamshwa na mwanga. MWANGA. Si sauti, na si gemu. Mimi naona ndipo hii yote ilipoanzia, mtu alikumbuka nusu nusu kuna kitu cha Pokémon kilipeleka watoto wa Japani hospitali, ile nusu nyingine akajijazia.

Kwa hivyo kama unataka kuchunga mtoto, chunga macho. Asichezee gizani chini ya blanketi, taa iwake, skrini isiwe kwa pua, akicheza muda apumzike. Na akiwahi kushtuka shtuka ama kupotea akili mbele ya mwanga unaomemeta, zima, umpeleke kwa daktari, usiniandikie mimi.

Sasa Mario na shetani. Nimecheka lakini sikucheki, hata sisi kule Jericho tuliambiwa hivyo hivyo. Kumbuka ilikuwa miaka gani. Rais Moi mwenyewe aliunda tume 1994 kuchunguza ibada ya shetani, Askofu Mkuu Nicodemus Kirima akiwa mwenyekiti, ripoti ikaja kuwekwa wazi 1999. Kama serikali imeunda tume, mtoto wa darasa la tano ni nani asiamini shetani ako kwa TV gemu. Kaseti zilichomwa. Za kwangu mbili zilipita hivyo, na moja haikuwa hata yangu, mpaka leo kuna mtu Makadara ananidai.

Lakini Super Mario Bros. ya 1985 ni kilobaiti 40 yote, picha, ramani, muziki, kila kitu. Hakuna sauti ya mtu iliyorekodiwa humo hata sekunde, ni noti tu chipu inaambiwa ipige. Ukizirudisha nyuma unapata noti zikirudi nyuma. Hilo neno unalolisikia unalileta wewe. Nyanya yangu kule Kilifi alituambia tetere anasema "baba kafa, mama kafa, nimebaki tu tu tu tu", na tangu siku hiyo, niko na miaka arobaini na ngapi, sijawahi sikia tetere akilia tu kama ndege. Sikio likishapewa maneno halirudishi. Ndio maana huyo wa voisi anakwambia kwanza utasikia nini halafu ndio anacheza. Mgeuzie kibao, mchezee mtu ambaye hajaambiwa kitu umuulize amesikia nini.

Usiniite mbishi wa kila kitu pia. Kuna gemu moja ambayo hiyo maneno ya kurudisha nyuma ni kweli kabisa, Doom II ya 1994. Mwisho kuna lichwa kubwa la shetani kwa ukuta, likikuona linatoa sauti kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Igeuze, utasikia jamaa anasema ili ushinde gemu lazima umuue yeye, John Romero. Huyo ni mmoja wa walioitengeneza. Wenzake walikuwa wameficha picha ya kichwa chake nyuma ya ukuta kumchokoza, akakigundua, naye akawajibu kwa sauti yake mwenyewe. Faili iko, ukiwa na gemu unaitoa unaigeuza, unasikia hata kama hakuna mtu amekwambia kitu, na mwenyewe amekubali. Mambo ya kweli huwa rahisi namna hiyo, ukiyafuata hayakimbii.

Kuhusu Mama Tasha, tafadhali usiende na hii karatasi ukimpungia. Alisikia mtoto wake anaweza kufa akafuta gemu, mimi ningefuta na simu. Na ana haki kwa jambo moja, huo muziki unatisha. Junichi Masuda aliutunga hivyo makusudi, ni mji wa kuzikia wanyama, noti zimepinda, sauti nyembamba juu ya kitu kinachozunguka bila kutulia. Mtoto wa miaka tisa akiusikia usiku anaweza kukosa usingizi, huko si kufa lakini si kitu cha kupuuza. Kaeni watatu, mchana, muwekee mama huo mji asikie mwenyewe na spika ya simu, halafu kijana amwonyeshe Charizard na Rhyhorn. Beji zake ukiniletea hiyo simu nitaangalia, mara nyingi mtu akifuta emuleta, ile programu inafanya simu icheze gemu za zamani, faili ya kuhifadhi hubaki kwa folda. Siahidi.

SWALI

Fundi nimetoa TV gemu yangu ya zamani kwa dari ya mzee na bado inawaka, shukrani kwa Mungu. Lakini Mario akiingia kwa bomba na Mario akiguswa akawa mdogo naskia sauti ni moja. Ni juu yangu ni feki ama ni masikio? Otis, Buruburu.

JIBU

Otis masikio yako ni mazuri kuliko ya wengi. Ni sauti moja, hata kwa ile orijino ya Nintendo. Na ukienda kuogelea, ule mlio wa kupiga maji ndio ule ule wa kukanyaga adui. Nafasi haikuwepo, kitu kimoja kinafanya kazi mbili. Sikiliza na hii, Mario akiruka ama akiokota sarafu kuna kipande cha wimbo kinapotea sekunde, juu mlio unanyang'anya muziki chaneli yake halafu unairudisha. Miaka yote nilidhani ni kaseti yangu ina vumbi, nilikuwa naipuliza. Wewe pia ulikuwa unapuliza, usikatae.

SWALI

Bunduki ya kupiga bata haifanyi kazi kwa TV yangu mpya, duka limekataa kunirudishia pesa. Na ni kweli yule mbwa anayecheka anaweza kupigwa? Wambo, Rongai.

JIBU

Bunduki haijaharibika Wambo, TV ndio imebadilika. Ukivuta kitufe skrini inakuwa nyeusi kidogo sana halafu pale bata alipo panakuwa peupe, na bunduki ina jicho la kuangalia huo mweupe. Hesabu zake zilipigwa kwa zile TV za kisogo kikubwa, hizi bapa huchelewesha picha na jicho halioni kitu. Tafuta TV ya kisogo, hapa Luthuli nyuma nyuma zipo, watu wanazitupa. Mbwa kwa ile ya nyumbani hapigiki hata ufanye nini, ila ile ya kumbi za kuingiza sarafu ilikuwa na raundi ya ziada ambapo unaweza kumpata. Kwa hivyo aliyekwambia pengine alikuwa na binamu aliyesafiri.

SWALI

Fundi shemeji yangu anasema Michael Jackson ndiye alifanya muziki wa Sonic 3. Nimuwekee dau la soo tano? Kadogo, Umoja.

JIBU

Kadogo weka hiyo soo tano kwa mfuko. Hiyo ya 1994 ilikuwa uvumi miaka na miaka, jina lake haliko kwa orodha ya waliotengeneza, na mimi niliicheka hadharani. Lakini Brad Buxer, mpiga kinanda wake, ambaye jina lake liko, alikuja kusema 2009 kwamba Jackson alihusika, na Juni 2022 Yuji Naka, mmoja wa walioitengeneza Sonic, akaandika kwamba ni kweli, wiki ile ile gemu ilitolewa upya na baadhi ya nyimbo zimebadilishwa. Mimi pia nina shemeji aliyenibishia hiyo kitu tangu tukiwa vijana, nikamwita mwongo mbele ya watu kwa matanga ya mjomba wake. Nilimpigia hiyo wiki. Hakushika simu, lakini alinitumia emoji ya kofia.